Pale Mabara Yalipogongana

Asubuhi ya siku ya sita kizuizini Mbelu aliuona ufa. Ulikata sakafu ya saruji kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, mwembamba kama uzi, na watu walikuwa wamelala juu yake bila habari. Zilikuwa familia zaidi ya mia, Waluba wa Kasai wote, waliotolewa kwenye nyumba zao za Kolwezi na kurundikwa katika hangari ya zamani ya malori, wangoje gari la moshi la kuwapeleka Kasai, nchi ya mababu ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Ilikuwa Machi 1993, na mvua haikuwa imekatika tangu Jumapili.

Mtu mwingine angeuruka ufa ule akaenda zake. Mbelu alikuwa mwanamke aliyechora ramani katika ofisi ya jiolojia miaka kumi na saba. Alichota tope mlangoni, akaupaka ufa sehemu tatu, akakaa kungoja karibu na mama yake, Kabedi.

"Uko nafanya nini, mutoto yangu?"

"Niko napima, mama."

Kabla ya saa sita mchana tope lote lilikuwa limepasuka, na ufa uliweza kumeza kidole.

Hangari ilisimama ukingoni mwa shimo la kuchimbia shaba ambalo pampu zake zilizimwa mwaka uliopita. Mbelu alikuwa amekichora kilima chenye shimo lile kwa mkono wake, tabaka kwa tabaka, injinia Mbayo, mwenyeji wa hapo, akisimama nyuma yake na kumweleza jinsi kila tabaka lilivyofika pale. Mbayo huyo huyo, vijana wa brigedi, wenyeji waliotaka Wakasai wafukuzwe, walipoingia ofisini wiki iliyopita na orodha yao, aliinamia makaratasi yake mpaka walipokwisha kumburuta Mbelu nje.

Alikwenda mlangoni. Stany, mkuu wa vijana waliowalinda, alikuwa amejikinga mvua chini ya bati, panga mkononi.

"Chef, hii hangari itaanguka mu shimo. Mutoshe bantu inje leo."

Stany alicheka. "Akili ya Bakasai! Munatafuta njia ya kukimbia."

"Tukimbie wapi mu hii mvula, na bazee?"

Stany alimsukuma kifuani kwa ubapa wa panga. Mbelu hakurudi nyuma. Alilivuta blanketi la mama yake, akalitandaza chini mbele ya kijana yule, akashika ncha moja.

"Sukuma ule upande."

Labda ni udadisi, labda ni uchovu wa kusimama tu. Stany alisukuma kwa mguu. Mbelu alisukuma upande wake, na blanketi likajikunja, mkunjo mmoja ukainuka na kulala upande.

"Zamani sana, mbele ya mutu hata mumoja kuwa mu dunia, inchi moja kubwa ilipasuka," alisema. "Bahari ikaingia hapa katikati. Tope ikalala chini, na shaba ndani yake. Kiisha bipande bikarudiana, kimoja ya kaskazini, kimoja ya kusini, bikagongana. Mabwe ikakunjwa hivi, ikavunjika. Njo maana shaba ya Kolwezi inasimama, hailale. Na katikati ya ile mikunjo kuko udongo moja laini. Ikikauka, inashika. Ikilowa, ni sabuni." Aliweka kiganja kwenye mteremko wa mkunjo. "Hapa inateremuka ku shimo. Shiye tuko juu yake."

Stany alitazama blanketi, kisha paa.

"Nani atajua kama hausemi uongo?"

"Uliza injinia Mbayo. Ni mutu wenu."

Pikipiki ilitumwa. Saa moja ikapita. Ufa ukafika vidole vitatu, na bawa moja la mlango likabanwa kwenye fremu yake. Mbelu alipita familia moja baada ya nyingine akiwaambia wafunge mizigo polepole, wasipige kelele, wawaamshe wagonjwa.

Mbayo alifika ndani ya koti la mvua. Hakumtazama Mbelu. Aliingiza mkono ufani, akaenda mpaka ukingoni, akarudi midomo imemkauka. Vijana walimzunguka.

"Tata injinia," mmoja alimwuliza, "wewe uko upande gani?"

Mbelu alimwona akitazama viatu vyake. Atainama tena, alifikiri. Atainama, na sote tutakwenda na kilima.

"Anasema kweli," Mbayo alisema chini chini.

"Hatusikie."

"Nasema anasema kweli!" Sasa alipiga kelele. "Mi njo nilimufundisha hii mulima, na leo anaijua kunipita. Mutoshe bantu! Mbio!"

Vijana wale wale waliowafukuza majumbani walilivunja bawa lililokwama kwa vyuma, wakabeba wazee na vikapu. Mbelu alimweka Kabedi mgongoni na kupanda naye hadi barabarani. Karibu saa kumi ardhi iliguna kama lori linalomwaga mawe. Ukuta wa nyuma ulizama kwanza, kisha paa, kisha sakafu yote ikateleza chini katika maji ya kijani. Hakuna aliyebaki ndani.

Stany alimfuata Mbelu akiwa bado anahema. "Mama, wewe unaweza kubakia. Nitasema na bakubwa."

"Na hawa?"

"Hawa, hapana."

"Basi na mi niko pamoja nao."

Mbayo alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. "Mbelu, ile siku balikukamata mu bureau..."

Mbelu hakumwacha amalize. Hasira ilikuwa bado imemjaa, lakini kulikuwa na nyumba nyingine chini ya mteremko, na watu ndani yake.

"Michoro ya upande wa magharibi iko mu kabati ya tatu. Udongo ni ule ule. Uende kesho kutosha bantu, tata. Usingoje bakuite."

Gari la moshi lilikuja Alhamisi. Lilikaa stesheni ya Tenke siku mbili bila maji, na hapo walizika watoto wawili kando ya reli. Kabedi alifika Mwene-Ditu, huko Kasai, akiwa hai, akiegemea bega la binti yake, akiuliza kama hapa sasa ndipo kwao.