Pedeli za Mtu Mwingine

"Lile siyo gita lake," alisema Nola.

Royce Tackett alikuwa hata hajamaliza kuwasalimia watazamaji. Alisimama mbele ya maikrofoni na kofia yake nyeupe, meno yote nje, akiwakaribisha watu wa milimani na mabondeni kwenye kipindi chake cha Jumamosi jioni. Nyuma yake, katikati ya chenga za televisheni ya Vesta Ratliff, bendi ilikuwa imejipanga. Delmer, mwana wa Vesta na mume wa Nola, alikaa pembeni kabisa, mbele yake gita la chuma limelala juu ya vyuma vinne kama meza nyembamba.

"Umejuaje?" Vesta alimuuliza mkwewe. "Picha yenyewe yote ni theluji tupu."

"La Delmer lina jina lake mbele, Mama. Niliyapaka rangi mimi mwenyewe hayo maandishi. Lile jeusi, halina kitu."

Burl, mdogo wa marehemu mume wa Vesta, alijiinua kwenye kiti cha bembea akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Alikohoa kwanza, kikohozi kile cha vumbi la makaa kisichomwacha, kisha akasema taratibu, "Shemeji, huyu mtoto amekalia gita la mzee aliyeondoka."

"Gita si gita?" Vesta alisema.

Burl hakumjibu, na hapo ndipo Vesta alipoanza kuogopa. Burl alikuwa mtu wa kujibu kila kitu.

Yule mzee alikuwa amempigia Tackett tangu kipindi kianze, hadi ugonjwa wa moyo ukamkataza. Tackett akatuma watu wake watafute mwingine, wakamsikia Delmer kwenye dansi ya kuchangia kikosi cha zimamoto, wakamwambia aje mjini Knoxville ajaribiwe. Wala siyo kujaribiwa chumbani mlango umefungwa. Ni hewani, moja kwa moja, mbele ya majimbo matatu. Akifaa, kiti ni chake na mshahara wa kila wiki. Asipofaa, Jumatatu alfajiri anashuka mgodini, kwa sababu jina alishaandikisha na taa ya kichwani alishapewa. Ni mgodi ule ule uliomwangukia baba yake.

Vesta alikuwa ameliombea jambo hili wiki nzima, na kuliombea kwenyewe kulimpa taabu. Kanisani kwao hakiingii chombo cha muziki. Hakuna piano wala gita. Mzee wa kanisa anatoa mstari, watu wanaupokea kwa sauti zao tupu, wanauvuta na kuukunja polepole hadi ufike unakokwenda. Sasa angemwambiaje Mungu amsaidie mtu kupiga kitu ambacho hata mlangoni kwake hakiruhusiwi? Aliona ni kukosa adabu. Kwa hiyo aliomba nusu tu ya jambo. Bwana, asishuke shimoni. Njia utajua Wewe.

"Ba'mdogo, sema," Nola alimsihi. Alikuwa ameweka mikono miwili juu ya tumbo lake kubwa, kana kwamba mtoto naye anatazama.

"Pedeli, zile za kukanyaga ili nyuzi zipande," Burl alisema. "Wapiga gita la chuma ni madhehebu mawili. Kuna wanaopanga pedeli za mguu wa kushoto kuanzia huku, na kuna wanaozipanga kuanzia kule. Kinyume kabisa. Delmer ni wa huku. Yule mzee alikuwa wa kule, kila mtu anajua, na alikuwa hataki hata kukaa meza moja na wa huku."

"Kwa kukanyaga tu?"

"Wewe shemeji utakaa meza moja na wanaobatiza kwa kunyunyizia maji?"

Vesta akatikisa kichwa kukataa.

"Basi ndiyo hivyo. Mguu unajifunza mara moja. Ukishajifunza hauulizi kichwa. Delmer akitaka sauti ipande, mguu utakwenda unakokwenda siku zote, na utakuta kitu kingine."

Wimbo wa kwanza ulianza, wa haraka, wa kuchangamsha. Fidla iliingia, ngoma ikaingia, Tackett akaimba ubeti mmoja akipiga kisigino chini. Mkono wa kushoto wa Delmer uliteleza ukisukuma kipande cha chuma juu ya nyuzi, sauti ikatoka nzuri, Nola akashusha pumzi. Kisha goti la kushoto la Delmer likasogea, mguu ukakanyaga.

Hata mtu asiyejua muziki angekunja uso. Sauti mbili zilizopaswa kupanda pamoja ziliachana njiani, moja juu na moja pembeni, zikakwaruzana mbele ya majimbo matatu. Tackett aliendelea kutabasamu, ila tabasamu lilibaki kwenye meno peke yake, na kichwa chake kiligeuka kidogo kutazama nyuma.

"Ee Bwana," Vesta alisema.

"Anatazama miguu," Burl alinong'ona. "Usitazame miguu, we mtoto! Ukitazama miguu umekwisha!"

Delmer alikosea tena. Safari hii aliwahi kuizima sauti, lakini mpiga fidla alishamtupia jicho. Jasho lilimtiririka kwenye shavu, likang'aa chini ya zile taa kali. Vesta alilijua lile shavu. Lilikuwa hivyo hivyo siku ile ya mazishi ya baba yake, mtoto wa darasa la pili amesimama kwenye tope na suruali fupi, hataki kulia mbele ya wanaume wa mgodini.

Wimbo ukaisha. Watu studioni walipiga makofi, maana wao hupigia chochote. Likaja tangazo la unga wa ngano, mama mmoja mnene akitoa mikate kwenye oveni na kuimba.

Simu ikalia.

"Tackett amemfukuza!" Nola alisema, uso umempauka.

"Katikati ya tangazo la unga?" Burl alisema. "Pokea, shemeji."

Alikuwa Icie Stiltner wa nyumba ya juu. "Vesta, eti ni Delmer wenu aliyeharibu pale, au ni televisheni yangu?"

"Ni Delmer wetu," Vesta alisema. "Kata simu, Icie, tunatazama."

"Nimeuliza tu kwa sababu mume wangu amepanda mlimani kugeuza antena..."

"Mwambie ashuke." Akairudisha simu mahali pake.

Nola alikuwa amesimama sasa, anazunguka kati ya kochi na dirisha. "Si aombe tu asipige huu wa pili? Si aseme anaumwa?"

"Aumwe hewani?" Burl alisema. "Mkwe wangu, keti. Utazalia hapo sakafuni tukose na mwisho."

"Ba'mdogo, wewe ndiye uliyemfundisha. Ungemfundisha na za kule!"

"Mimi nilimfundisha kwenye gita la mapajani, halina pedeli hata moja. Hizo za kukanyaga alikwenda kuzitafuta mwenyewe. Usinibambikie."

Wimbo wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, kwa namna nyingine. Delmer hakukosea. Hakukosea kwa sababu hakupiga. Mahali ambapo gita la chuma lingejibu maneno ya mwimbaji, palikuwa na shimo. Aligusa uzi mmoja huku, mmoja kule, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Tackett aligeuka mara ya pili, na safari hii hata meno hakuyaonyesha.

"Kaogopa," Burl alisema. Hakulisema kwa kejeli. Alilisema kama mtu anayevua kofia jeneza likipita.

"Hajaogopa," Vesta alisema.

"Shemeji, mpiga gita akiacha kupiga..."

"Tazama mguu wake."

Kamera ilikuwa imerudi nyuma kuonyesha bendi nzima. Mguu wa kulia wa Delmer ulikuwa bado mahali pake, kwenye ile pedeli pana ya kukuza na kupunguza sauti. Mguu wa kushoto haukuwa kwenye pedeli zile nyingine. Alikuwa ameurudisha nyuma, chini ya kiti, na kuupinda nyuma ya mguu wa kiti kama mtu anayefunga mbwa kwenye mti.

"Ameufunga mguu," Burl alisema. Kikohozi kikamshika, akakizuia kwa kitambaa. "Ameamua kupiga bila pedeli. Kwenye kipindi cha Tackett. Mungu wangu, watamcheka hadi Texas."

"Usilitaje jina la Bwana kwa mambo ya pedeli," Vesta alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa polepole, na ndio uliobeba kila kitu. Ulikuwa wimbo wa mtu aliye mbali anayekumbuka taa ya jikoni kwao. Katikati yake ipo sehemu ambayo mwimbaji hunyamaza na kumpisha mmoja wa bendi, na desturi ni kwamba kabla hajanyamaza, humwita mtu huyo kwa jina. Ukiitwa kwa jina na Tackett, kesho yake mji mzima unakujua. Yule mzee aliitwa hivyo kila Jumamosi.

Tackett alifika mwisho wa ubeti. Akavuta pumzi. Vesta aliona jicho lake likienda kwa Delmer, likakaa, kisha likahamia kwa mpiga fidla.

"Hapana," Nola alisema. "Hapana, hapana."

Mpiga fidla alikuwa mtu mzima mwenye masharubu meupe. Aliliona jicho la bosi wake. Aliinua upinde wake nusu, akamtazama kijana pale pembeni, ambaye mikono yake ilikuwa tayari juu ya nyuzi, akaushusha upinde ukaning'inia kwenye goti lake. Nafasi ikabaki wazi. Kwenye kipindi cha moja kwa moja, nafasi wazi ni kitu cha kutisha. Ngoma ilipiga peke yake, tap, tap.

Delmer akaingia bila kuitwa.

Ilianza chini, karibu isisikike, sauti moja tu. Akaipandisha kwa mkono bila kuinua kipande cha chuma, ikapita kwenye kila upenyo ulio kati ya sauti na sauti, mahali ambapo piano haina mlango. Ilipofika juu hakuiacha itulie. Aliikunja, akairudisha kidogo, akaipandisha tena upya. Kisha akakilaza kile chuma mshazari kwenye nyuzi mbili, na sauti ya pili ikaja kuungana na ya kwanza. Haikuja sawasawa nayo. Ilichelewa kidogo, ikatangulia kidogo, kama watu wengi wanaouendea mstari mmoja kila mtu kwa pumzi zake.

Vesta alishika ukingo wa kochi. Aliijua ile sauti. Ilikuwa sauti ya upande wa wanawake, Jumapili asubuhi, madirisha yamefunguliwa. Aliwasikia akina mama waliokwisha kuzikwa mlimani, na mama yake mwenyewe akiwa miongoni mwao, wakiupokea mstari na kuuvuta. Hakuna chombo kilichowahi kuingia kanisani kwao. Hakujua kwamba kanisa lao linaweza kuingia kwenye chombo.

Alijaribu kulipinga jambo hilo. Alishindwa. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

Burl hakuwa anatazama televisheni tena. Alifumba macho, mkono wake wa kushoto ukisogea juu ya paja lake, mshazari.

Nusu ya ubeti ilipita, na hapo ndipo mwimbaji hurudi. Tackett aliikaribia maikrofoni, akafungua kinywa. Kisha akakifunga. Akarudi nyuma hatua, akasogea pembeni, na kamera ikapata njia ya kumwendea Delmer. Ubeti mzima ulikwenda hivyo. Delmer hakuinua kichwa. Alipoumaliza aliiacha sauti ya mwisho izame yenyewe, mguu wa kulia ukiipunguza taratibu hadi pakabaki ngoma tu.

"Delmer Ratliff," Tackett alisema kwenye maikrofoni. Hakupaza sauti. Akaendelea kuimba.

Nola alikuwa amekaa sakafuni, analia na kucheka. Hakuna aliyemwambia ainuke. Kipindi kikaisha, likaja tena lile tangazo la unga, na bado hakuna aliyejua kitu. Kuitwa jina ni jambo moja. Kiti ni jambo lingine.

Walikaa. Maharage jikoni yalianza kunuka kuungua, hakuna aliyekwenda. Simu ilipolia Vesta alifika kabla mlio haujaisha.

"Vesta, eti yule wa mwisho naye alikuwa Delmer..."

"Icie, kata simu!"

Ililia tena papo hapo.

"Mama." Nyuma yake watu walikuwa wanaburuta vitu vizito. "Gita langu lilianguka kutoka kwenye gari kule mteremkoni. Fimbo za pedeli zimepinda zote. Ikabidi wanipe hili la mzee, na pedeli zake—"

"Burl ametueleza. Kiti, Delmer."

"Alinigombeza, Mama. Kwa nyimbo mbili za kwanza. Amenigombeza mbele ya wote, na ana haki. Halafu akasema Jumamosi nije na gita langu mwenyewe, limetengenezwa, ila kwenye ule wimbo wa mwisho nisithubutu kugusa pedeli."

"Kwa hiyo Jumatatu?"

"Sishuki, Mama. Kesho naja kurudisha taa."

Vesta aliegemeza kichwa ukutani. Alitaka kumshukuru Mungu hapo hapo, lakini maneno ya wiki nzima yalikuwa ya nusu ya jambo, na sasa alikuwa na la kusema juu ya nusu ya pili pia. Lingemchukua muda.

"Mama, upo? Nakuja na lori la mpiga fidla. Tackett anataka nikae huku huku mjini. Nitamchukua Nola, na vyombo vyetu, na kile kitanda cha Baba, kama utaturuhusu. Mtoto atazaliwa huku."

Hilo hakuwa amelifikiria. Wiki nzima alimwomba Mungu asimpeleke mwanawe chini, na hakuwahi kujiuliza basi atampeleka wapi. Aliitazama sebule: Nola pale sakafuni amenyoosha mkono akiitaka simu, Burl anatafuta kitambaa chake.

"Kitanda chukua," alisema. "Ila godoro nalibakiza. Mtakapokuja kunionyesha mtoto, mtalala juu ya nini?"

Akampa Nola simu, akaenda kuyaokoa maharage.