Tumbo la Mkoba

Mkoba uliorudishwa ulikuwa wa bibi harusi, na Orpha alikuwa ameutolea jasho kuliko mkoba mwingine wowote. Nje aliuvika kitambaa cheupe chenye mng'ao, ndani akautia bitana ya rangi ya maziwa, na pembeni akaufungulia kijifuko chembamba cha leso, maana bibi harusi asiyelia siku hiyo bado hajazaliwa. Luse, mwenye mkoba, aliuweka mezani kwa ncha za vidole. Hakugomba. Alisema tu, kwa sauti ya chini na macho yake yakiwa mlangoni, kwamba mkoba unanuka samaki na hawezi kuingia nao kanisani.

Orpha aliunusa akitaka kubisha, akashindwa. Ulinuka kweli, na alijua harufu imetoka wapi. Mama yake, Emilienne, aliuza samaki wakavu soko la Kashikishi, kando ya ziwa. Kila jioni, akirudi nyumbani Nchelenge, alipitia kwanza kibanda cha kushonea cha bintiye, akajitupa juu ya rundo la vitambaa na kuanza kumwaga habari za siku: nani kamzidi nani ujanja kwenye mizani, boti gani imeingia kutoka ng'ambo ya Kongo, nani kachukuliwa mume. Kapu lake la dagaa wakavu, wale ambao huku huitwa chisense, alilitua popote palipo na nafasi, hata juu ya kazi ya watu.

Sasa mtu anamwambiaje mama yake kwamba ananuka? Ni rahisi kusema kwa mama wa jirani. Huyu ndiye aliyemvusha ziwa mwaka ule watu walipokimbia bunduki, akapanga foleni ya chakula kwa ajili yake kambini Kenani upande wa Zambia, na walipopewa shamba la kulima akaona jembe halimfai, akarudi ufukweni kwa biashara aliyoizoea tangu kwao Pweto. Hata cherehani ya Orpha ilitoka kwenye samaki hao hao. Orpha alifungua kinywa mara kadhaa alitamke jambo hilo, akakifunga tena.

Akafanya wafanyavyo mafundi ulimi ukiwagomea. Akashona.

Kichwa cha Orpha, tukiseme kilivyo, hakikuwa cha kawaida. Alikwisha kubuni mkoba unaogeuzwa ndani nje, upande mmoja wa soko na upande mmoja wa ibada. Alibuni mwingine ambao ukifungua vishikizo vya kando hutandazika ukawa mkeka mdogo wa kukalia msibani. Sasa alitaka kitu kilicho kigumu zaidi: mfuko wa kukaa ndani ya mkoba, ulio na vitu vyote vya mwanamke, unaonyanyuliwa mara moja kutoka mkoba wa samaki na kutiwa katika mkoba wa heshima, bila harufu kuufuata.

Alichukua plastiki nene ya koti la mvua lililochakaa, akaibana kati ya vitenge viwili. Mishono aliipaka nta ya mshumaa ili tundu za sindano zizibe. Mfuko wa simu aliukata mshazari ili simu yenyewe iuangukie mkono. Aliweka kitanzi cha funguo, kijumba kirefu cha miwani, na mfuko bapa wa kadi ya ukimbizi, ile ambayo mama yake alikuwa akiisaka kila akisimamishwa njiani, huku dagaa wakidondoka miguuni mwa polisi. Mdomo wa kitu hicho ulikunjwa mara tatu na kufungwa kwa kishikizo kikubwa.

Akampa mama yake kama zawadi, akamwonyesha mfuko mmoja mmoja, akiongea mbio kama mtu aliyeficha jambo. Emilienne alitia mkono huku na huku, akacheka simu ilipomjia kiganjani. Kisha vidole vyake vikasikia kitu kikikwaruza katikati ya vitambaa.

"Na hii pulastiki ni ya nini?"

Orpha akasema ni ya kuzuia maji.

Mama yake aliukunja mdomo wa ule mfuko, akaukunjua, akaukunja tena. Alitazama kapu lake, akatazama mkoba mweupe wa bibi harusi uliokuwa umetundikwa ukutani kupunga upepo.

"Aksanti, mwana," alisema. "Nimesikia."

Tangu siku hiyo Emilienne hakupitia tena kibandani na kapu. Nguo za samaki alizihifadhi Kashikishi, katika kibanda cha rafiki yake, Mama Pierrette, waliyevuka naye ziwa. Jioni alioga huko huko, akajisugua kwa majani ya mlimau, akabadili kitenge, akaunyanyua ule mfuko wa ndani na kuutia katika mkoba safi, ndipo akaja. Hakukaa tena juu ya vitambaa. Alikaa kwenye stuli karibu na mlango, na habari zake zikawa fupi. Orpha aliyaona yote hayo, na tusimfiche, alifurahi. Alishukuru kwamba jambo limekwisha bila neno baya.

Tena jambo lilimletea neema. Wauza samaki walipoona kitu cha Emilienne, kila mmoja alikitaka. Wao ndio waliokipa jina la tumbo, wakitaniana kwamba Orpha amewapa tumbo la pili na la kwanza bado halijashiba. Walimu wakaja, wauguzi wakaja, wake za wakubwa wa ofisi za wilaya wakaja na vipimo vyao. Wauza samaki wenyewe, wakija kuchukua mizigo yao, walijifunza kusimama nje ya kizingiti na kunyoosha mkono. Hakuna aliyewaambia. Labda walimwona Emilienne, wakamfuata.

Mwezi wa tatu ziwa lilifunguliwa baada ya miezi ya katazo la uvuvi, na Kashikishi ikajaa watu tena. Ni katika siku hizo za neema Emilienne alipoanguka sokoni, katikati ya kupatana bei. Mama Pierrette alimpakia kwenye teksi hadi hospitali. Orpha alipofika, wauguzi walikuwa wamekwisha kumvua nguo za kazi na kumfunika shuka nyeupe. Mama yake hakufumbua macho. Orpha alimwinamia shavuni akasikia dawa ya hospitali, na kabla ya jioni mama huyo akawa hayupo.

Msiba ulikuwa wa watu wengi. Wamama wa kanisa walipika, walikesha, waliimba. Baada ya mazishi, kwa upendo mtupu, walichukua kila kilichokuwa nyumbani kwa marehemu wakakifua kwa sabuni ya unga: mashuka, vitenge, sweta, hata pazia. Walitaka siku ya kugawana nguo ndugu wakute vitu vinavyopendeza macho. Orpha, mtoto pekee, alipewa achague kwanza.

Alichukua kitenge cha juu akakiweka usoni. Sabuni. Akachukua cha pili, na sweta, na kilemba cha Jumapili. Ndugu walidhani analia ndani ya nguo, wakampa nafasi. Hakuwa akilia, alikuwa akitafuta. Mwisho akaunyanyua mkoba safi, ambao Mama Pierrette aliuleta msibani na tumbo likiwa ndani yake, akafungua tumbo alilolishona mwenyewe, akaingiza uso mzima ndani. Miwani ilikuwemo, kadi ilikuwemo, simu ilimgusa pua. Palinuka plastiki na nta. Tumbo lilikuwa limekaa kati ya samaki wa Kashikishi siku zote hizo, na kazi ya mikono yake haikupitisha kitu.

Hapo ndipo alipoogopa. Maana Orpha hakubebwa mgongoni na mtu mwingine yeyote utotoni, na mgongo ule ulikuwa na harufu yake: samaki, ndiyo, lakini pamoja na moshi wa kuni, na mafuta ya mawese, na jasho la mama huyo mmoja. Hata ndani ya boti ya kukimbilia Zambia, akiwa msichana mkubwa kabisa, alizika uso katika kitenge kile ili asione nyuma, na harufu ile ikamwambia kwamba bado yuko mahali pake. Sasa aliita moyoni ije, na haikuja. Alikumbuka kwamba iko, asikumbuke ilivyo.

Akazifikiria nguo za kazi, zile alizovuliwa mama yake hospitalini. Mama Pierrette ndiye aliyekabidhiwa.

Kesho yake asubuhi alikwenda Kashikishi bila kumwambia mtu. Alipita kati ya vichanja vya samaki, nguo za watu zikimgusa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakukusanya sketi yake. Mama Pierrette alikuwa amechuchumaa akigeuza dagaa juani. Alipomwona alisimama haraka, akarudi nyuma hatua, mikono yake ameitenga na mwili.

Orpha alimsalimu, kisha akaomba nguo za mama yake. Alieleza kwamba hataki kuzifua wala kuzigawa. Anataka kuwa nazo tu.

Mama Pierrette alitikisa kichwa, akajibu kwa Kiswahili chao cha Kongo.

"Ile manguo haiko tena, mwana. Niliichoma siku ya kumuzika."

"Ulizichoma?" Orpha aliuliza.

"Alikuwa ananiambia kila mara: Pierrette, siku nitakufa, ile manguo ya samaki usimupelekee Orpha. Ye hapendake ile harufu. Njo maana nilifanya vile alisema." Alipoona uso wa Orpha, akaongeza upesi, kwa nia njema, "Hakukukasirikia hata. Alikuwa anajisifu. Mutoto wangu anashonea bantu bakubwa, njo vile alikuwa anasema."

Orpha aliuliza zilichomewa wapi. Mama Pierrette alimwonyesha kwa kidevu, nyuma ya matanuri ya kukaushia, mahali ambapo soko zima hutupa majivu. Palikuwa na lundo kubwa, na mwanamke mmoja alikuwa akimwaga mengine juu yake wakati huo huo. Orpha alikwenda mpaka hapo akasimama. Hakukuwa na kitu cha kuokota. Akakaa chini kwenye majivu, na kilio alichokuwa amekizuia tangu hospitali kikamtoka chote.

Mama Pierrette alimfuata. Alitaka kumkumbatia, akajizuia, akageuka kutafuta ndoo ya maji.

"Ngoja kwanza ninawe, mwana. Niko na samaki."

"Usinawe, mama," Orpha alisema. "Njoo hivyo hivyo."

Yule mama akapiga magoti na kumvuta kifuani. Orpha aliushindilia uso kwenye kitenge chake, pale begani ambapo mtoto hulala, akavuta pumzi kwa nguvu, akavuta tena. Alisikia samaki. Alisikia moshi, na chumvi, na chini yake jasho la Mama Pierrette, jema, la mtu mwingine.