Utando Juu ya Shimo la Mama

Enzi za Mwingereza, kabla mabomba hayajapanda huku Mkunya, kila nyumba ilikuwa na shimo lililosilibwa udongo na kufunikwa nyasi. Mvua iliyoingia humo ndiyo uliyokunywa mpaka Desemba. Likikauka, unateremka bondeni asubuhi na kurudi alasiri, mtungi kichwani, mlima mzima. Mama yangu, Dominika, alikuwa na goti bovu. Bila shimo lake asingeweza kuishi.

Mimi Benedikto, mwanawe wa pekee, nilipata kazi ya serikali Newala: kumwaga mafuta kwenye maji yaliyotuama ili mbu wasizaane. Ni mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili chafu ya magari. Kijiko kimoja kinatanda dimbwi zima, utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na viluwiluwi vinakosa pumzi. Bwana Afya aliniagiza madimbwi na mitaro. Mashimo ya kunywa hakuyataja. Niliyaongeza mwenyewe, kwa kiherehere changu na kaptula mpya ya kaki.

Wa kwanza kunikabili alikuwa jirani yetu Yeremia.

"Shikamoo, Baba Anastasia."

"Marahaba. Hayo mafuta tutayanywa?"

Nikacheka. Nikajaza bilauri maji, nikadondosha mafuta, nikachomeka bua la jani la mpapai mpaka chini, nikanyonya mbele ya watu. "Mnaona? Yanakaa juu tu. Ya chini ni safi." Wakaniamini, mimi ni mtoto wa nyumbani.

Nikatia mashimo yote, la mama nikaliruka.

"Na la mama yako?" Yeremia akauliza kesho yake. Watu wakaguna.

Mama akasema, "Tia, mwanangu. Wasiseme unanipendelea."

Nikatia kikombe kizima, ili waone.

Sasa niambie, mwanamke gani wa Mkunya anateka maji kwa bua la mpapai? Wanateka kwa kata ya kibuyu. Nimenyweshwa kwa kata hiyo tangu utoto, mpumbavu mimi, na bado sikukumbuka! Kata ikizama inapasua utando, ikitoka imepakwa mafuta. Kibuyu kinayanyonya, mtungi unayanyonya, na maji yakipungua shimoni yanaacha ukuta mzima umepakwa. Kufika Juni, ugali wa kijiji kizima ulinuka mafuta ya taa. Watoto wakaharisha. Wanawake wakaanza kuteremka bondeni miezi mingi kabla ya wakati wake.

Mama naye akataka kwenda. Nikamkataza.

"Nitakunywa nini, Benedikto?"

Nikamtekea bondeni Jumapili ya kwanza, siku yangu ya mapumziko. Nikamtekea na ya pili. Ya tatu nilichoka, nikalala Newala, nikajiambia atavumilia. Jumatatu walimkuta kwenye mteremko, mtungi umevunjika kando yake na mchanga umeshakunywa maji yote. Alikuwa amekufa.

Getrude, mke wa Yeremia, akatoka nyumba ya msiba. "Tupatie ndoo moja ya maji safi, tumwoshe mama yako. Ya bondeni yote tumewapa watoto."

Nikapita mlango hadi mlango nikipiga hodi. Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana! Kila mmoja alifunua nyasi za shimo lake, akasema, "Angalia mwenyewe, Benedikto." Nikaangalia. Kila shimo lilikuwa na rangi zile zile za mafuta, zikielea. Yeremia akanishika bega, akanirudisha nyumbani. Jua lilikuwa kali na maiti haingeweza kungoja mtu ateremke bondeni.

Wakamwosha kwa maji ya shimo lake.

Nilipoinama kumuaga, paji lake la uso liling'aa, na matone ya maji yalikuwa yamesimama juu yake bila kuilowesha ngozi. Alinuka kazi yangu. Nikavua shati la kaki, nikamfuta. Matone yaliondoka, mafuta yakabaki. Nikaendelea kumfuta mpaka Getrude akanikamata mikono.