Magari Mekundu ya Meza Yangu

Msinianzishie habari za magari mekundu. Nimezisikia tangu wiki niliyoajiriwa: eti gari jekundu linavuta faini, eti rangi inawachokoza trafiki, eti nunua jeupe upite kimya kimya. Upuuzi mtupu! Kamera haipendi wala haichukii. Inapima mwendo, inapiga picha, basi. Mwenye macho ni mimi.

Kazi yenyewe ni hii. Kila asubuhi picha za kamera za barabarani zinaingia kwenye kompyuta zetu. Zilizo wazi, mashine inasoma namba ya gari yenyewe. Zenye ukungu, zenye jua kwenye kioo, zenye matope kwenye namba, zinaletwa kwetu, watu wanne wa chumba cha pili. Unaikuza picha, unakodoa macho. Ukiisoma namba, unaijaza, unatia sahihi na barua ya faini inakwenda. Usipoisoma unaitupa, na dereva anaendelea na maisha yake bila kujua kilichompitia kando. Ofisini wananiita Darubini, kwa kuwa pua yangu karibu iguse kioo cha kompyuta.

Jirani yangu wa meza tunamwita Domo, na mkikaa naye dakika mbili mtajua kwa nini.

"Nyekundu ni kiherehere," alisema siku moja. "Mtu akishanunua gari jekundu, mguu wake hauna akili tena."

"Na wewe mwenye la kijivu, mbona mdomo wako hauna breki?"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao. Hakuna aliyejua kwamba mwanangu ana gari jekundu.

Ngoja niseme yote, maana nikiyameza yananikaba. Nina mtoto mmoja tu. Miaka mitatu iliyopita baba yake alizidiwa asubuhi, mwanangu akampakia kwenye gari lake hilo, mimi nikakaa nyuma nimempakata mgonjwa kichwa. Kijana akaendesha kwa adabu. Kwenye taa anasimama, penye kivuko anapunguza mwendo, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Tulipofika hospitali mume wangu alikuwa ameshakata roho. Na mimi, mbele ya wauguzi, mbele ya wifi zangu, nikamwambia mwanangu: "Ungekanyaga mafuta, baba yako angekuwa hai."

Mimi! Mtu wa faini! Daktari alituambia hata tungepaa isingesaidia, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mwanangu alimzika baba yake, akaondoka. Nilimpigia simu mara tatu, hakupokea, nami sikupiga tena. Kiburi? Ndiyo, kiburi. Na aibu pia, tena aibu ndiyo ilikuwa kubwa.

Miezi minne baadaye ikaingia picha yenye ukungu. Gari jekundu, kamera ya darajani, kilomita tisini na moja penye sitini. Nikaikuza. Nyuma ya usukani, mwanangu. Amekonda, kafuga ndevu.

Sheria ya ofisi inajulikana: faili la ndugu yako huligusi. Unajaza fomu, linahamishiwa kwa mwingine, na ndugu mwenyewe anaandikiwa barua aambiwe afisa gani alikuwa naye kwenye faili. Sikujaza. Ningejaza, nisingemwona tena. Na ningeweza kuitupa ile picha, sikatai. Lakini picha iliyotupwa inafutwa jioni hiyo hiyo, na iliyotiwa sahihi inabaki kwenye faili, unaifungua wakati wowote ukitaka. Nikatia sahihi. Nilimtoza mwanangu faini ili nibaki na sura yake.

Tangu siku hiyo sikutulia. Picha zikiingia zinakuwa ndogondogo kama stempu, namba huzioni, rangi unaiona. Nikawa naanza na nyekundu. Nikimaliza zangu namgeukia Domo: "Nipe nyekundu zako, nami nakuchukulia na nyeupe mbilimbili." Domo yule, apunguziwe kazi akatae? Kila nyekundu niliihangaikia, naing'arisha, naikuza, mpaka namba inasomeka. Si yeye. Lakini namba nimeshaisoma, nifanyeje? Najaza, natia sahihi. Nyeupe na za kijivu nilikuwa nazitupa kwa mafungu ili nirudi kwenye nyekundu haraka.

Kwa karibu miaka mitatu mwanangu alinijia mara kumi na moja, zote pale darajani penye ukungu wa mto; kamera hiyo ni ya meza yangu na ya Domo. Mara moja alikuwa na mwanamke pembeni, wanacheka. Picha ile niliitazama wiki nzima saa ya chai. Mara nyingine nikaona kiti cha mtoto nyuma yake. Nilikwenda chooni nikalia. Nina mjukuu, na sijui hata anaitwa nani. Nilikuwa namtamani mtoto yule nisiyemjua hadi mikono inaniwasha.

Sasa, kwetu faini ya kumi na mbili inakula leseni. Na kazi ya mwanangu, tangu baba yake akiwa hai, ni kuendesha gari la kampuni la kusambaza dawa. Leseni ndiyo ugali wa nyumba yake. Mwezi uliopita, asubuhi, picha ya kumi na mbili ikaingia. Nilikuwa bado naitazama mkuu wetu aliponiita.

Mkuu ni binti mwenye umri wa mwanangu, mkali, hana mzaha. Watu walikuwa wamelalamika kwamba magari mekundu yanaonewa, naye akaamua kuhesabu ili awaumbue.

"Kwenye meza tatu rangi haina tofauti yoyote," alisema. "Kwenye meza yako, gari jekundu linapata faini mara tano zaidi ya jeupe. Mama, nyekundu imekukosea nini?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali.

"Namtafuta mwanangu," nikasema.

Nikamweleza yote, kuanzia hospitali. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema, "Lakini anwani yake imo kwenye faili. Miaka yote hii."

"Anwani ninayo. Uso wa kwenda nao ndio sina."

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akaniambia yapo mawili. Niitupe picha ya kumi na mbili, abaki na leseni mpaka siku atakapopita tena darajani. Yeye mkuu hajaiona. Au nijaze fomu. Nikijaza, faini zote kumi na moja zinafutwa kwa kuwa zilipitia kwa ndugu, na picha zinafutwa pamoja nazo, hata hii ya kumi na mbili. Mimi natolewa chumba cha pili. Na mwanangu anaandikiwa kwamba aliyekuwa akimtoza ni mama yake mzazi.

Nilirudi mezani nikafungua picha zote kumi na mbili, moja baada ya nyingine. Niliagana nazo. Ningeitupa ile moja, ningebaki na kumi na moja, lakini yule anapita pale kila mara, ya kumi na tatu ingekuja tu. Nikajaza fomu. Kufikia jioni faili lilikuwa tupu, na mimi nikapewa dirisha la mapokezi, kutukanwa na wenye magari ya kila rangi. Na niwaambie, mekundu hayakuonewa. Meupe ndiyo niliyoyasamehe.

Siku ya kumi na moja dirishani, mtu akapenyeza barua chini ya kioo. Ilikuwa ile barua. Sikuweza kuinua kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema, nikiiambia barua. "Nisamehe. Ni mimi niliyekuwa nakutoza."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kila faini ina sahihi yako, mama. Ya kwanza ilipokuja niliitazama siku mbili. Kupiga simu nikashindwa, nilikuwa bado na hasira, halafu nikaona haya. Basi nikikukumbuka, napita darajani nakanyaga mafuta. Wiki mbili baadaye napata barua yako."

"Mwendawazimu wewe! Na ungekufa?" Nilipiga kelele mpaka mlinzi akageuka. "Una mtoto!"

"Ninaye. Anaitwa jina la baba."

Foleni ikaanza kunung'unika, mmoja akauliza kama hapa ni ofisini au sebuleni. Nikamwambia anyamaze la sivyo nitamhudumia mwisho. Kisha nikafunga dirisha, nikazunguka kwa mlango wa pembeni, nikatoka kwenye ukumbi. Akainama ili nimkumbatie, kwa maana amenizidi urefu tangu zamani, na kichwa chake kikawa karibu na macho yangu. Picha kumi na mbili, nimezikuza mpaka mwisho wa mashine, na hakuna hata moja iliyonionyesha kwamba mwanangu ameota mvi.