Udongo Uliohama

Vumbi, Saturnino. Tuanzie hapo. Vumbi lilipanda kutoka uwandani mwezi Agosti, likapita shamba la dada yangu Zenobia, likaingia kwetu bila hodi, likakaa kwenye supu. Ulitafuna mchanga ukameza. Mume wangu, shamba letu ndilo tulilokuwa tunakunywa.

Zamani nafaka yetu, kinoa, ilikaa mlimani, lama, mifugo wetu wa sufu, wakakaa uwandani, samadi yao ikapanda kuilisha kinoa. Kisha likaja trekta, na trekta halipandi mlima. Likateremsha kinoa, likang'oa vichaka vya tola, likawasukuma lama wangu hadi kipande cha mwisho, kule ukingoni mwa jangwa la chumvi.

Nacho ukataka kukilima.

"Lama watakula wapi?" nikauliza.

"Watakula wanapokula."

"Basi na wewe utakula unapokula."

Zenobia akapaza sauti toka ng'ambo. "Shemeji! Udongo wako umehamia kwangu, njoo uuchukue!"

"Utunze, shemeji, nitakuja kulima hukohuko!"

Mlicheka. Mimi niliogopa. Lama wale niliachiwa na mama, na sina kingine chake.

Mvua za Januari zikaleta trekta. Ukatangulia kumwonyesha dereva njia, mkakatiza shamba la uwandani, lile tulilopanda, likafukiwa na vumbi, tukapanda tena. Mchanga mtupu. Mchanga, na mstari mmoja wa kinoa ya kijani uliofika magotini, nyuma ya vichaka vichache vya tola vilivyosalia mwaka jana, pale lama mweusi alipokuwa akizaa na dereva akakataa kumpitia.

Ulisimama pale. Ulivua kofia.

Dereva akapiga honi. "Tunalima, hatulimi?"

"Tunalima," ukasema. "Ila ukifika kwenye tola, unaruka."

Nusu ya malisho ikalimwa, nusu ikabaki, mistari ya tola katikati. Nusu ya lama wangu Zenobia akawapeleka mlimani, kila sikio na uzi mwekundu niliouvisha kwa mkono wangu. Nililia, nawe ulinisikia.

Agosti imerudi. Vumbi linapanda, linakimbia, linafika kwenye tola, linachoka. Lama waliobaki wanalilalia, wanaliachia samadi.

Supu iko mezani. Unatafuna polepole.

"Bado ina mchanga."

"Kidogo. Huo si wetu, ni wa Zenobia."

Unatafuna tena, unafikiri.

"Mwite aje auchukue," unasema, na unasogeza bakuli nikuongeze.