Firimbi ya Shefu wa Treni

Wakati ule wa Zaïre, Frère Casimir, mutawa wa parokia yetu hapa Kalemie, alitengeneza sinema ya nyimbo juu ya familia yetu. Mimi, Clémence, njo niliyemusimulia habari zetu zote, na kosa lilitoka kwangu.

Bwana yangu, Papa Valère, alikuwa shefu wa treni ya Nyunzu. Nilimukuta amefiwa na bibi yake, amebaki na watoto watatu: Émérence, Anatole na Lucie. Waliniita Mama Mudogo. Tukiosha vyombo tunaimba, tukitwanga sombe, majani ya muhogo, tunaimba, mupaka wapita njia wanasimama. Nilimwambia Frère hayo yote. Nikamwambia tena: "Na Papa yao anawaita kwa firimbi." Basi. Sababu sikusema. Nilifikiri hapa kwetu karibu na stasio kila mutu anaijua.

Sababu njo hii. Mama yao alipokufa, Lucie alikataa kula kila mara Papa akiwa safarini. Alifikiri naye hatarudi. Kwa hiyo treni ikikaribia, Papa anasimama mulangoni mwa behewa na kupuliza: mulio mumoja murefu ni wa Émérence, miwili mifupi ni ya Anatole, na ule unaopanda kama ndege anayeruka ni wa Lucie. Mutoto akisikia wake, ananawa mikono, anakula.

Sinema ilionyeshwa Jumapili mu sale, ukumbi wa parokia, shuka jeupe ukutani, mablanketi kwenye madirisha. Vijana wa kwaya walicheza sisi, na kweli waliimba vizuri. Halafu yule Papa wa sinema akapuliza firimbi, na watoto wake wakakimbia kupanga mustari, mikono ubavuni kama askari. Watu walicheka mupaka mabenchi yakalia. Na sauti ile ilikuwa firimbi yenyewe ya Papa Valère. Frère aliikamata kwenye kaseti siku moja treni ikiingia.

"Shefu," Martine, muuza samaki, alimwambia wakati wa kutoka, "bwana yangu hajui hata kuita kuku. Umufundishe basi."

Papa alicheka kidogo. Kesho yake alisafiri, na siku ya kurudi treni iliingia kimya. Lucie alikaa mbele ya sahani bila kugusa kitu. Alikula tu Papa alipoingia nyumbani, na alikula huku amemushika shati.

"Uipige tena," nilimuomba.

"Clémence, mimi ni komanda wa watoto wangu? Watu wananicheka mupaka Nyunzu."

"Kosa ni langu. Sikumwambia Frère sababu."

"Basi enda umwambie."

Nilienda. Frère alishika kichwa. "Mama, filimu ni kama bukari. Ikishaiva, hairudi unga." Lakini alisema ataionyesha tena Jumapili, kwa wale walioikosa.

Tulienda sote. Papa alikuja shingo upande, akakaa nyuma kabisa. Mulio wa kwanza uliposikika, watu wakaanza kucheka. Lucie akapanda juu ya benchi.

"Huo ni wa Émérence," akasema. Ikaja miwili mifupi. "Hiyo ya Anatole." Ukaja ule unaopanda. "Huo wangu. Nikiusikia, najua Papa amerudi."

Kicheko kilikatika. Martine alijifuta macho kwa pindo la kitenge. "Kumbe," akasema polepole. Papa alimubeba Lucie mabegani mupaka nyumbani, mutoto wa miaka saba, miguu inaning'inia.

Alhamisi nilikuwa ninasonga bukari treni ilipokaribia. Mulio murefu. Miwili mifupi. Ule unaopanda. Lucie alikuwa tayari ananawa. Halafu ukaja mwingine, mupole, unaoshuka, ambao hatujawahi kuusikia.

"Huo wa nani?" Anatole akauliza.

Émérence alituangalia mumoja mumoja, mupaka macho yake yakafika kwangu. Mwiko ulikuwa umesimama mukononi.

"Mama," akasema, bila kuongeza Mudogo, "bukari inaungua."