Pikapu Inayovuta Kushoto

Mwanangu Ismaily alitoka Dar kuja kuchukua ufunguo wa gari langu. Alikuwa amesikia kwamba pikapu inayumba barabarani na kuvuta kushoto, na kwamba ninayeiyumbisha ni mimi.

"Nani kakwambia?"

"Fundi Zaidi. Nilimpigia simu, kasema matairi hayana kosa, kosa liko kwenye macho ya aliyeshika usukani. Baba, hata fundi kaona."

Zaidi ni Mmatumbi, mimi Mndengereko. Makabila yetu ni watani. Kaka yangu alipofariki, Zaidi alilizuia jeneza mlangoni akidai marehemu hakumuaga, na hakuna aliyekunja uso. Aliyekulia Kibiti angejua kwamba maneno yale ni utani. Ismaily, aliyeondoka hapa mdogo, aliyapokea kama cheti cha daktari.

Nikampeleka gereji.

"Karibu, mtumwa wangu," Zaidi alisema. "Umekuja na mrithi? Tunazika lini?"

"Mwambie huyu ukweli kuhusu macho yangu."

"Nimeshamwambia. Huyu baba yako haoni hata sinia la ubwabwa, analipata kwa harufu."

"Unasikia?" Ismaily alinigeukia.

Mtani hafuti neno lake, nami nikimkasirikia nitachekwa mji mzima. Nikamwambia Zaidi alete futi ya kupimia.

Tulisimamisha gari pahali tambarare, usukani ukiwa umenyooka. Zaidi alichora alama ya chaki kwenye kila tairi la mbele, upande unaotazama mbele, akapima kutoka alama hadi alama. Tukasukuma gari mpaka alama zikageukia nyuma, akapima tena. Mbele palikuwa papana kuliko nyuma. Matairi yalikuwa yameachana, kila moja likitaka kwenda kwake. Nilikumbuka shimo nililotumbukia kwa kishindo kwenye njia ya Ngarambe.

"Tazama hapa," nilimwambia Ismaily. "Gari la namna hii halinyooki, hata dereva awe malaika."

Hakuinama kutazama. Alikuwa na simu yake.

Zaidi alilegeza nati za tairodi, vile vyuma vinavyoelekeza matairi ya mbele, akavizungusha cha kulia na cha kushoto kwa kiasi kilekile, akapima, akakaza. Niliingia, nikamwambia mwanangu akae pembeni yangu. Tuliposhika lami ya kuelekea Ikwiriri nililegeza vidole kwenye usukani. Gari likaenda kama limefuata uzi.

"Limenyooka," Ismaily alisema. "Afadhali. Mnunuzi anakuja alasiri."

"Mnunuzi gani?"

"Nimekubaliana na dada Rukaya. Gari ni mzigo kwa umri wako."

"Ulisema sioni."

"Baba, usianze."

Kumbe macho yangu hayakuwa hoja. Kama si macho yangekuwa masikio, kama si masikio, magoti. Niliwasha taa ya kupinda, nikasimama pembeni.

"Shuka."

"Hapa?"

"Bodaboda zinapita. Mwambie mnunuzi wako gari lina mwenyewe, na mwenyewe haliuzi."

Alishuka akabamiza mlango. Akainama dirishani. "Siku utakapogonga mtoto wa watu, usinipigie simu."

"Sina haja na namba yako. Nasikia inapokea utani tu."

Niligeuza gari. Kwenye kioo nilimwona kando ya lami, simu sikioni, bila shaka akimweleza dada yake, mkono mmoja ukinionyeshea kidole. Ufunguo ulikuwa kwangu. Sikupunguza mwendo.